Maji Mekundu Ukutani

Jumamosi, 3 Mei

Leo Baba amenipa kazi. Kazi kweli, si kumshikia misumari.

Mtaa wetu umepakana na dampo la zamani. Lilifungwa kabla sijazaliwa, likafunikwa udongo, na sasa ni kilima chenye nyasi. Mgeni anaweza kudhani ni uwanja wa kuchezea. Lakini taka zilizozikwa bado zinaoza na kutoa gesi, na gesi hiyo hupita chini kwa chini mpaka chini ya sakafu zetu. Ndiyo maana kila nyumba ina bomba jeupe linaloanzia sakafuni na kutokea juu ya paa, na feni ya kunyonya gesi na kuitupa nje. Feni za mwanzo zimechoka. Kampuni inabadilisha zote, nyumba kumi na tisa, na msimamizi wa mafundi ni Baba yangu.

Kwenye kila bomba kuna kipimo: mrija mwembamba wa plastiki uliopinda kama herufi U, na ndani yake maji mekundu. Feni ikivuta, maji hupanda upande mmoja na kushuka mwingine. Yakilingana, feni haivuti. Ni hivyo tu. Lakini watu wameelewa kinyume! Wakiona maji yamepishana wanadhani kitu kimeharibika. Fundi Randa, seremala wa nyumba ya nne, alichomoa mpira unaounganisha kipimo chake na bomba ili maji yalingane, halafu akamwita Baba aje ampongeze. Alisema ameishi na pima maji miaka thelathini, hawezi kuwekewa ukutani kwake kitu kilichokaa upande. Baba alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa hiyo nitapita nyumba kwa nyumba kuwafundisha watu kusoma kipimo, na kubandika karatasi pembeni yake. Baba anasema mimi watanisikiliza kuliko yeye. "Wewe una sauti ya darasani."

Nimeandika karatasi kumi na tisa kwa mkono, herufi kubwa, mistari imenyooka. Maneno tumetunga pamoja mezani. Sentensi ya mwisho ni ya Baba: Maji yakipishana, funga madirisha yako, uwe na amani.

Jumapili, 4 Mei

Nyumba kumi na tisa zimekwisha. Miguu inauma, koo limekauka — nina furaha.

Fundi Randa amekubali, ila kwa shingo upande. Anasema atatundika kitambaa mbele ya kipimo ili asikione.

Nyumba ya mwisho ni ya Bibi Cherehani. Anaishi peke yake, anashona mashati ya shule, meupe tupu. Feni yake ya zamani ilikuwa hoi, kwa hiyo mwaka mzima ameshona madirisha yakiwa wazi, kwa sababu yakifungwa kichwa kinamgonga. Na yakiwa wazi vumbi la barabarani linaingia na kukaa kwenye mashati. Anafua kitu ambacho hakijavaliwa.

Nilipima kwa rula yangu. Sentimita tatu. Nikamwambia, Bibi, hiyo ni feni mpya, inavuta vizuri, sasa unaweza kufunga.

Akaniuliza kama nina uhakika.

Nikamwambia ndiyo.

"Haya, mwalimu," akasema, akafunga dirisha la kwanza, la pili, la tatu. Akasimama katikati ya chumba kama mtu aliyehamia leo. Kisha akatandaza kitambaa cheupe juu ya meza ya kukatia na kukipapasa tu.

Jumatano, 7 Mei

Mwalimu wa sayansi amependa. Kasema nisiishie kubandika karatasi, nifanye jedwali: nyumba, tarehe, kipimo. Kila jioni baada ya shule napita na rula. Nyumba nyingi hupanda na kushuka kidogo. Upepo ukivuma, maji hucheza. Kwa Bibi Cherehani ni sentimita tatu kila siku. Nyumba tulivu, kama mwenyewe.

Baba ameliomba daftari la jedwali awaonyeshe wakubwa wa kampuni. Alilifungua mbele ya Mama, akasema: "Hebu tazama mtoto wako." Mama akatazama, akarudi jikoni.

Sikumuuliza kwa nini hakusema neno. Nilikuwa nimevimba kichwa tayari.

Jumanne, 13 Mei

Bibi Cherehani ameshona mfuko wa shati juu chini. Yeye! Anasema ni macho, miwani imepitwa na wakati. Kichwa kimemrudia tangu wiki iliyopita, na asubuhi anaamka na kichefuchefu. Nilitazama kipimo. Tatu.

Nilimweleza Baba alipokuwa ananawa mikono. Akaendelea kunawa. Alinawa muda mrefu, kisha akasema nimwambie Bibi aende akapimwe macho.

Nikaenda nikamwambia.

Alhamisi, 15 Mei

Lazima niandike taratibu.

Saa tisa alasiri umeme ulikatika mtaa mzima. Nilikuwa natoka shule. Fundi Randa alikuwa mlangoni, kaondoa kitambaa chake, ananiita: "Njoo uone, mama mdogo wa vipimo! Yamelingana! Sasa ukuta wangu umenyooka." Nikacheka. Nikamwambia ni kawaida, feni zote zimezimika, hakuna kinachovuta, maji lazima yalingane. Popote pale.

Nikapita nyumba tatu kuhakikisha, kwa sababu Mwalimu anasema usiseme popote pale kabla hujatazama. Yamelingana. Yamelingana. Yamelingana.

Kwa Bibi Cherehani: sentimita tatu.

Nilitazama taa. Haiwaki. Nilisikiliza juu ya paa. Kimya. Feni imezimika na maji bado yamepishana, kana kwamba yamechorwa.

Bibi alikuwa amelala kwenye kiti, kitambaa cha maji usoni. Nilifuata mpira wa kipimo kwa kidole, nyuma ya bomba, pale unapotakiwa kuingia kwenye tundu. Haukuingia. Umelazwa pembeni na kufungwa kwa utepe mweupe, na mdomo wake umezibwa kwa gundi ya silikoni. Silikoni imelainishwa kwa kidole, kingo safi, hakuna hata tone lililomwagika.

Naijua kazi hiyo. Mtaa mzima hakuna mwingine anayelainisha hivyo. Sinki letu la jikoni limezibwa hivyo hivyo.

Mtu alivuta kidogo kwa mdomo, maji yakapanda, akaziba. Basi. Yatakaa hivyo hata nyumba ing'olewe paa.

Nikafungua madirisha yote matatu. Bibi akaamka, akauliza vumbi je. Nikasema kuna joto, Bibi.

Kuna joto. Hilo ndilo nililoweza.

Ijumaa, 16 Mei

Leo nimepapasa nyuma ya mabomba yote, nikijifanya nafuta utando wa buibui. Katika nyumba saba mpira umezibwa. Wa kwetu haujazibwa.

Baba alikuwa uani anasafisha vifaa. Nikamuuliza moja kwa moja, maana nilijua nikizunguka nitalia. Hakukana. Heri angekana.

Alisema feni zilizoletwa ni kumi na mbili; nyumba saba bado zina zile za zamani. Ofisi ikataka orodha ya nyumba kumi na tisa ijazwe kabla ya ukaguzi, la sivyo kazi wapewe wengine na mafundi wake wote wakae nyumbani. Zilizobaki ziko njiani, wiki mbili, labda tatu. Akizipata atafunga, atatoa silikoni, hakuna atakayejua. Alianza na nyumba zenye watoto, akasema. Alikaa akafikiri nani anaweza kusubiri.

"Bibi yuko peke yake, na madirisha yake huwa wazi siku zote."

Nikamwambia, Baba, madirisha amefunga.

"Nani kamwambia afunge?"

Akakumbuka. Nikaona anavyokumbuka, uso mzima. Akainama akaendelea kufuta bisibisi ambayo tayari ilikuwa safi.

Kwa hiyo hii ndiyo sauti ya darasani. Wangemwona yeye wangeuliza maswali, wangepapasa. Wameniona mimi na rula yangu na herufi zangu zilizonyooka, wakafunga madirisha. Na daftari langu liko ofisini kwao, kurasa sita za sentimita tatu, sentimita tatu, mwandiko wa mtoto asiyejua kudanganya. Amenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, baba yangu mzazi, nami nilikuwa nacheka.

Mama alijua. Nilimkuta anakunja nguo, akasema bila kugeuka kwamba Baba hali vizuri siku hizi, nisimwongezee mzigo. Nikamuuliza, na Bibi Cherehani anakula vizuri? Akasema chunga mdomo wako.

Sijawahi kuambiwa hivyo na Mama.

Jumamosi, 17 Mei

Nilikwenda kwa Bibi asubuhi nikiwa nimepanga maneno. Nikapata nusu yake. Nikamwambia usifunge madirisha tena, tafadhali, hata vumbi likiingia. Na hamishia kitanda chumba cha mbele.

Akavua miwani. "Wiki mbili zilizopita ufunge, leo ufungue. Sasa nifuate karatasi iliyo ukutani au nikufuate wewe?"

Nilifungua mdomo. Ningesema neno moja na Baba angekuwa amekwisha. Mafundi wake pia, na watoto wao, wawili tunasoma darasa moja. Nikasema, nifuate mimi. Akauliza kwa nini. Nikarudia: fungua tu, Bibi.

Basi akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Alimwita mtaalamu.

Baba alikuja na mfuko wake wa vifaa. Akainama mbele ya kipimo, akakigonga kwa ukucha, akapima kwa jicho. Mimi nimesimama pale pale. Akasema kipimo hakina tatizo, ni mtoto tu kajichanganya, amesoma sana juzi juzi, kichwa kimejaa. Akacheka kidogo. Akamwambia Jumatatu mkaguzi anakuja, siku hiyo madirisha yafungwe ili apime vizuri, lakini kwa sasa akitaka hewa aache wazi, hakuna ubaya.

Hakuna ubaya. Kwa hiyo anajua kwamba upo.

Bibi alinitazama. Alikuwa anangoja nibishe. Alinipa muda wa kutosha kabisa.

"Nimekosea, Bibi," nikasema.

Tulipotoka nje Baba alitaka kuniwekea mkono begani. Nikavuka barabara.

Jumatatu, 19 Mei

Sijaenda shule. Niliaga, nikavaa sare, nikaingia kwa Bibi Cherehani kwa mlango wa nyuma. Naandika hapa kwenye meza yake ya kukatia. Kalamu inateleza kwa jasho.

Nilimkuta madirisha amefunga, kama alivyoagizwa. Uso wake una rangi ya majivu. Anashona polepole, mguu unasahau kukanyaga.

Nikamwambia sitaki uniamini mimi wala uamini karatasi. Zima swichi ya feni tu, tutazame wote wawili.

Akasema mkaguzi yuko njiani na mimi namfanyia michezo. Lakini akainuka. Akazima.

Juu ya paa feni ilikoroma, ikanyamaza. Nikamweleza: sasa maji yanatakiwa yashuke, yalingane, kama yalivyolingana kwa Fundi Randa umeme ulipokatika. Tukatazama. Nilihesabu moyoni mpaka sitini. Mpaka mia. Maji mekundu yamekaa pale pale.

Nikamshika mkono nikaupeleka nyuma ya bomba. Vidole vya mshonaji havihitaji macho. Akaufuata mpira mpaka mwisho, akagusa silikoni, akaizungusha chini ya kidole gumba mara mbili, kama anavyokagua pindo.

"Kazi nzuri," akasema. "Haina mshono."

Kisha: "Ulijua lini?"

Nikasema Alhamisi.

Akahesabu. Nilimwona anahesabu kwa midomo. "Jumamosi ulisimama hapo ukaniambia umekosea."

Ndiyo, Bibi.

"Nikafunga tena."

Ndiyo.

Hakunifukuza. Ingekuwa rahisi zaidi. Alirudi kwenye cherehani, akakaa, akaweka mikono miwili juu ya shati alilokuwa anashona. Madirisha hajafungua. Nilipotaka kufungua akasema acha, waone nilivyokaa, kama nilivyoambiwa nikae.

Nasikia sauti nje. Mkaguzi anauliza nyumba ngapi zimebaki. Baba anajibu imebaki hii tu, ya mama mtulivu, haina tatizo lolote. Sauti yake ni ile ile ya mezani, ya siku tuliyotunga karatasi. Nyayo za watu wawili kwenye ngazi.

Wamebisha hodi.

Bibi hakugeuka. Amesema kwa upole, kama anayenituma dukani:

"Kafungue wewe, mwalimu. Na wakikuuliza kipimo, wasomee."

Wamebisha tena. Baba anaita, "Hodi, mama," na swichi bado imezimwa, na maji bado yamepishana. Naenda kufungua.