Picha za Sadrack kutoka juu

Vicky, uko wapi? Soma hii mbio.

Sadrack ametoka sasa hivi kwa ule patron wa mbao, tajiri anayekata na kuuza miti, hapa mutaa wa Tshopo. Alienda kumuuzia ile kazi yake mupya, picha za satellite zinazoonyesha vile pori inabadilika kila wiki.

Bon, Sadrack akafungua picha ya kule Bafwasende, ya juzi. Akaona uwazi mukubwa ndani ya pori ya mujomba wake, tonton Émile. Miti yote chini. Vicky, yote.

Akasema tu: «Lakini hapa hakuna mutu aliruhusiwa kukata.»

Patron akainama juu ya picha. Alafu, pole pole: «Nani mwingine ameona hii?»

Hakuuliza pori iko ya nani. Aliuliza nani ameona. Pale pale Sadrack akaelewa ni patron mwenyewe mukataji.

«Nitanunua picha zote,» patron akasema, «na wewe utazifuta.»

Sadrack akafunga ordinateur, ile kompyuta yake. «Papa, mimi naweza kufuta. Lakini satellite itapita tena kesho kutwa.»

Picha ameshamutumia tonton. Sasa Sadrack iko kwangu, hatulii. Kila pikipiki ikisimama barabarani, naye anasimama kuchungulia kama ni watu wa patron.

Donc niambie, anaweza kuja kujificha kwako kule Kabondo?