Joto la Tanuri na Mayai ya Kasa

2 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na mikate inaumuka vyema. Mimi ni mzima, ila mchanga umeingia hadi kwenye mswaki.

Uliniuliza ninafanya kazi gani hasa. Ninapima joto la viota vya kasa. Kasa jike hupanda ufukweni, hufukia mayai yake, kisha huenda zake. Tofauti na kobe, hawezi kuficha kichwa gambani. Jinsia ya vitoto huamuliwa na mchanga: ukipata joto sana, wengi huwa majike, ukipoa, madume. Kiota kimoja kina joto kiasi kwamba tunatarajia majike watupu. Nikaikumbuka nyumba yetu.

Umeandika kwamba utauza tanuri kwa kuwa huna mtoto wa kiume. Mdogo wangu Kitinda anakanda unga tangu hajaifikia meza. Mfikirie, Baba.

Binti yako.

14 Februari

Binti yangu msomi,

Marahaba. Goti linanistahi kidogo. Mama yako anakusalimu, ingawa hatuzungumzi, nawe ndiwe sababu.

Barua yako imenifumbua macho. Chumba chetu cha kulala kinapakana na tanuri. Ukuta ule hukausha soksi. Mabinti watano! Nami miaka yote nikidhani ni bahati tu. Dada yako mkubwa, aliyekuja kwetu kujifungua, nimemhamishia stoo, kando ya friji, pamoja na feni mbili. Mjukuu akiwa wa kiume, siuzi. Mnunuzi nimemwambia asubiri.

Mama yako sasa ananiita "Kasa" mbele ya wateja.

Baba yako.

20 Februari

Baba,

Shikamoo. Mpe dada blanketi, leo hii.

Binadamu si kasa. Jinsia ya mtoto huamuliwa mimba inapotungwa, na anayeiamua, kibaiolojia, ni baba. Tafadhali isome sentensi hiyo mara mbili kabla ya kuulaumu ukuta. Kisha mpe Mama aisome.

Binti yako.

2 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujanijibu, natumaini ni hasira tu, si goti.

Nimehamishiwa msituni, kwenye mijusi. Baadhi yao wana vidole vinavyonata hata kwenye jani laini. Wengine wakikamatwa huacha mkia na kukimbia. Ipo aina moja ambayo ni majike watupu. Hutaga bila dume yeyote, na mayai huanguliwa salama, kizazi baada ya kizazi. Hakuna aliyeuza msitu.

Binti yako.

19 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Sikukujibu kwa sababu mama yako aliisoma ile sentensi kwa sauti dukani, foleni ikiwa imefika mlangoni. Sikuwa na pa kuficha kichwa.

Mjukuu amezaliwa: wa kiume. Nilimbeba hadi mbele ya tanuri nimwonyeshe urithi wake. Akapiga ukunga, akanikojolea mimi na donge la unga wa mikate ya asubuhi. Kitinda akampokea kwa mkono mmoja, wa pili ukiendelea kutoa mikate. Wala hakuunguza hata mmoja. Nikabaki nimesimama pale, nimelowa, nikimtazama.

Jioni mnunuzi akaja. Alimkuta Kitinda kaunta, akamwuliza, "We binti, mwenye tanuri yuko wapi?" Kitinda akanigeukia. Nikamwambia yule bwana, "Unazungumza naye. Nunua mkate au pisha foleni."

Dada yako ameombwa arudi chumbani. Amekataa, anasema hajawahi kulala vizuri kama huko stoo.

Baba yako (mama yako amesimama nyuma yangu, anasisitiza niandike),
Kasa.