Betri Uliyoianika, Mavyaa

Mavyaa wangu mpendwa,

Mola alitie nuru kaburi lako. Leo asubuhi nimeutoa ungo wako nianike mihogo, nikakukumbuka hata nikaketi chini.

Ungo huu ulikuwa na mambo. Upande mmoja mihogo, upande wa pili betri za redio yako. Zikidhoofika uliziweka juani, na jioni tukasikia mawaidha tena. Nikikucheka, ukanijibu, "Cheka, mkaza mwanangu. Hata wewe ukiota jua wapata nguvu."

Kisha mwanao akatuletea taa ya kuchaji. Ilipoanza kuzimika mapema uliitoa betri yake ukaipapasa. Ilikuwa imefura kama andazi.

"Hii imeshiba," ukasema. "Iache iote jua."

Na mimi nilikuwa nimeambiwa, Mavyaa. Fundi wa simu kule Msambweni alinieleza kwamba za kuchaji si kama za redio: ikifura usiichaji tena, usiitoboe, usiiweke kwenye joto. Nilitaka kukuonya. Lakini mkaza mwana amfundishe mavyaa wake, juu ya ungo wake mwenyewe? Niliona ni utovu wa adabu. Nikainama, nikaendelea kumenya mihogo.

Adhuhuri betri ikafoka moto, ikautoboa ungo. Uliiwahi kwa mkono wa kuume, ukaitupa mbali na makuti ya jiko. Mkono ule haukusuka ukili tena. Hukunilaumu, kwa kuwa hukujua kwamba nilijua. Siku ya kukuosha nilianza na kuume, kama sunna ilivyo, nikapita juu ya lile kovu polepole. Nilikuomba radhi. Ulikuwa umeshanyamaza.

Sasa betri zilizochoka naziziba ncha kwa utepe, naziweka pakavu mbali na jiko, kisha nampelekea yule fundi, anazikusanya. Jaani situpi, jaa letu huchomwa moto.

Jana nilimkuta bibi jirani ameanika betri ya simu yake ukutani. "Shikamoo, bibi," nikasema, na kwa pumzi ile ile, "hiyo tuiondoe juani."

Akanikazia macho. "Siku hizi watoto ndio wanaotufunza?"

"Nisamehe, bibi. Itakuunguza."

Akaguna, akaiondoa.

Kumbe yalikuwa maneno machache hivyo, Mavyaa.

Tundu jeusi la ungo wako sijalishona. Mola akitukutanisha nitakueleza mwenyewe nililolinyamazia. Hadi hapo, niwie radhi.

Ni mimi, mkaza mwanao.