Mkono wa Mdogo Wangu

Shoga, wamenitoa. Kwenye kiwanda changu mwenyewe cha sare!

Leo kikaoni mwekezaji alitaka mafundi wote waondoke, tuwe tunaagiza sare zilizokwisha kushonwa. Nikakataa. Akasema, "Basi tupige kura, meneja abadilishwe."

Meneja ndiyo mimi, lakini wala sikushtuka. Yeye ana hisa arobaini kwa mia, mimi arobaini. Ishirini ni za mdogo wangu, nilimpa mwenyewe siku ya harusi yake. Damu nzito kuliko maji, au siyo?

Shoga, akanyoosha mkono upande wa mwekezaji! Mdogo wangu niliyemlea!

Nikamuuliza, "Wewe? Kweli wewe?"

Hata kunitazama hakunitazama. "Dada, hisa ni zangu. Ulinipa, hukuniazima."

ULINIPA, HUKUNIAZIMA. Mbele ya watu!

Nikaenda chumba cha kushonea kuwaambia mafundi mwenyewe, wasije wakasikia kwa mtu. Cherehani zote zikanyamaza. Fundi mkuu, yule mama niliyeanza naye, akaniuliza, "Na mdogo wako alisemaje?"

Nimemdanganya, shoga. Nimesema hakuwepo.