Gobore la Mzee Bado Kidogo

Tunduma,
Jumapili jioni.

Kwa kaka yangu Ombeni,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kitwe, wewe na shemeji Gwantwa na watoto, na kwamba cherehani inazunguka na mguu haukusumbui sana na baridi hii. Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini bado anagombana na majirani kuhusu kuku wao, kwa hiyo najua ni mzima. Barua anakuletea Gwamaka, dereva niliyemtengenezea gari alipoharibikiwa kwenye foleni ya mpakani. Nimeamua kuandika kwa sababu nilichonacho nikikisema kwa simu utanikatia kabla sijafika nusu, kama ulivyonikatia siku ya msiba.

Nitakueleza mambo kama yalivyotokea, na kwa roho ile ile niliyokuwa nayo yalipokuwa yakitokea, usije ukadhani mdogo wako ni mtu mwema. Uliposema huji kuzika kwa kuwa huna baba, ulikuwa tu na mtu aliyekutupa Ileje kwa bibi baada ya kukanyagwa na mkokoteni ukavunjika mguu, wazee walisikitika. Mimi sikusikitika. Nilikuona umesema kweli, ila umechelewa kuisema.

Mzee wetu unamjua. Kule nyumbani Mbozi hakuna aliyemwita Sadoki, wote walimwita Bado Kidogo. Nyumba ya tofali iliishia kwenye lenta na mahindi yakaota sebuleni. Choo kilifungwa kwa gunia mpaka gunia lenyewe likaoza. Lakini kichekesho kikubwa kilikuwa gobore. Kila kiangazi, tukishavuna kahawa, alitoa vipande chini ya kitanda akavipanga juu ya mkeka: mtutu aliorithi kwa babu, nyundo, kifyatulio, na lile gogo la mninga lililotakiwa kuwa kitako. Atapaka chuma mafuta, atakwangua mti kidogo, atavirudisha vyote guniani. Wanaume walikuja kuliazima kwa sababu nguruwe pori walikuwa wanamaliza mahindi, naye akawajibu bado kidogo. Njiani kwenda shule watoto wenzangu waliniuliza kama mimi nimeshamalizika au nami bado kidogo. Nilipofungua gereji hapa Tunduma niliapa kuwa gari likiingia kwangu lazima litoke linatembea.

Sasa amekufa, na mwezi ujao tunajengea kaburi. Baba mdogo Kasiani, ambaye anazijua mila zote zinazoishia kwenye sahani ya nyama, akaitisha kikao. Akatukumbusha kuwa sisi ni ukoo wa wawindaji, na kaburi la mwindaji likishasakafiwa, mtoto wa kwanza hupiga gobore la marehemu mara moja kuelekea porini, ndipo watu wale. Mchungaji naye alikuwepo. Alisema yeye hatasikia kitu mradi lipigwe kabla hajafika. Mtu mmoja akauliza ni gobore gani hilo la marehemu, na kikao chote kikacheka, mjane akiwa amekaa pale pale. Baba mdogo akasema ni aibu kwenda kuazima la watu, na kama Ombeni haji, basi yeye atalipiga. Nadhani alikuwa ameshaona na koti atakalovaa siku hiyo.

Nikawaambia nipeni hilo gunia. Usidhani nilitaka kumheshimu baba, kaka. Nilitaka liwe zima juu ya kaburi lake ili kila mtu aone kuwa kilichomshinda maisha yake yote kimemalizwa na fundi magari kati ya gari moja na jingine. Mtendaji wa kijiji alinionya kuwa vipande havina mwenyewe wa kushitakiwa, lakini nikishaviunga ni silaha, niende polisi kuomba kibali. Akaongeza kwamba kumbe mzee alikuwa mjanja. Tukacheka tena, na mimi nikiwamo.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi mpaka ikaniudhi. Vile vyuma viliingiana kama vitu vinavyojuana. Skrubu zilikuwa zimelika vichwa, nikasema ndivyo zinavyokuwa ukifungua na kufunga miaka yote bila kufika popote. Ndani ya mtutu palikuwa na masizi, nikasema ni ya enzi za babu. Nilipoanza kupiga randa lile gogo, nikakuta chini ya alama za shoka kuna mti laini, uliopigwa msasa na kupakwa mafuta, na mfereji wa kulaza mtutu umeshachongwa vizuri sana. Nilisimama nikatukana peke yangu. Ni mtu gani anayechonga kitako kikapendeza hivyo, halafu anakitia shoka? Nikajijibu kuwa ni baba yangu, asingeweza kuvumilia kuona kitu kimekwisha. Ningekuwa nimetazama vyuma vile kwa macho ninayotazamia injini, ningejua palepale. Gari lililowahi kutembea nalifahamu hata likiwa vipande. Lakini hili lilikuwa la baba, na dharau yangu ilikuwa imeshamaliza uchunguzi.

Jumamosi ya wiki iliyopita nikalipeleka nyumbani, limeng'aa, limefungwa kwenye kanga. Nilimkuta mama anaanika mahindi. Nikalifungua mbele yake nikamwambia atazame jinsi kazi inavyomalizwa. Alikaa chini, pale pale juu ya mahindi, akaniomba niliweke mbali na nisilielekeze nyumbani. Nikamjibu halina baruti. Akasema hata siku ile baba yako alijua linaelekea kwa nguruwe.

Kaka, sasa naomba ukae kama hujakaa.

Hukukanyagwa na mkokoteni. Mama amenieleza yote, akilia, na ameniruhusu nikuandikie. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Baba alikuwa amelimaliza gobore wiki ile ile, na hakuwa amemwonyesha mtu kwa sababu alitaka kwanza aue nguruwe ndipo aalike watu. Asubuhi yenye ukungu akaenda kulinda mahindi. Wewe ulikuwa mdogo, hata kuhesabu hujui, ukaamka ukamfuata bila mama kukuona. Baba akaona mahindi yanatikisika. Yale makovu madogo madogo kwenye paja lako, uliyoambiwa ni misumari ya mkokoteni, ni kweli ni misumari. Ndiyo aliyoishindilia kwenye mtutu.

Majirani walisikia mlio, lakini msimu ule kila shamba lilikuwa linalia, hakuna aliyeuliza. Baba akakubeba mgongoni mpaka Ileje kwa bibi, kwa sababu mjomba wake mama alikuwa bingwa wa kuunga mifupa, na kwa sababu aliogopa kufungwa mama akiwa peke yake. Na hakukutupa. Alirudi kukuona kidonda kilipoanza kukauka, ukamwona mlangoni, ukapiga mayowe na kujificha uvunguni mpaka ukajikojolea. Akarudi tena, ikawa vile vile. Bibi ndiye aliyemwambia asikanyage pale mpaka mtoto asahau. Ukasahau, kaka. Wakaogopa kukukumbusha.

Mama alimsihi alitupe mtoni. Akakataa, akisema likitupwa litaokotwa, na likiuzwa litampata mtoto wa mtu mwingine. Akalifungua skrubu moja moja, akakitia kitako shoka, akawaambia watu kuwa anatengeneza gobore ila bado kidogo. Nikamuuliza mama kwa nini basi alikuwa analitoa kila mwaka na kujichekesha mbele za watu. Alisema wanaume wa hapa wangeacha kumsumbua kama wangeamini hawezi. Walipoamini hawezi, akaacha na nyumba na choo viende hivyo hivyo, kwa sababu aliona kama akimaliza vingine vyote watu wataanza kujiuliza kuhusu kile kimoja. Sikujua mtu anaweza kufanya uzembe kwa bidii namna hiyo.

Mimi niliyemcheka kwenye kikao cha msiba wake nina gereji na kofia yenye jina langu. Nimejidharau wiki hii yote kuliko nilivyowahi kumdharau yeye, na ninavyojijua, hiyo si dharau ndogo.

Gobore nimelifungua tena usiku ule ule, na vipande viko guniani, chini ya kitanda cha baba. Nimemuuliza mama tulipeleke polisi au lipigwe kaburini kama mila inavyotaka. Amesema mguu ni wa Ombeni, aulizwe Ombeni. Ukisema polisi, nitalipeleka mwenyewe. Ukisema lipigwe, nitaliunga mbele yako, lakini atakayelipiga ni wewe. Na ukisema hutaki kusikia habari zetu tena, nitakuelewa pia, ila niambie kwa mdomo wako. Gwamaka atarudi na jibu.

Mama anakusalimia sana na anaomba, ukija, usimwamkie kwanza, umwache akutazame. Wasalimie shemeji na watoto, uwaambie babu yao alikuwa na mikono mizuri ya kuchonga.

Baba mdogo Kasiani ananipigia kila asubuhi. Anataka kujua gobore limefikia wapi, maana watu wameshaalikwa na ng'ombe ameshapatikana. Namjibu bado kidogo.

Ni mimi mdogo wako,
Osward Sadoki