Asiambiwe Mpaka Troyeville

Alhamisi, 14 Desemba 2017

Nimeolewa! Mwezi umeshapita na bado nikiliandika neno hilo natabasamu peke yangu.

Leo nalala ndani ya gari. Wenyewe wanaliita kampa — gari refu jeupe lenye vitanda, jiko la gesi, sinki, hata choo! Si letu. Karakana ya Jeppestown anakofanya kazi mume wangu inakodisha magari haya kwa watalii, na wateja walikuwa wameliacha hili Durban. Bosi akamwambia Vénérand: nenda kalilete, kaa nalo mpaka Jumanne, zawadi yako ya harusi. Basi tukapanda basi mpaka Durban, sisi na rafiki zake wawili, Lambert na mkewe Héritière. Lambert ni fundi cherehani, mtu wa Lubumbashi, mdomo haufungi. Héritière anasuka nywele. Mimi alinisuka bure, eti bibi-arusi halipi.

Tumeegesha karibu na Harrismith. Milima ya huku imekatwa juu kama meza. Kesho Johannesburg! Naishi hapo tangu mwezi uliopita lakini sijaona kitu zaidi ya mtaa wetu, kanisa na kiduka cha spaza cha kununulia mkate. Vénérand anasema atanitembeza mji mzima kama Mzungu mwenye kamera. Anaendesha kwa mkono mmoja, wa pili umeshika wangu. Lambert akapiga kelele kutoka nyuma: "Mukubwa, shika usukani! Bibi hakimbii!" Mume wangu akacheka, hakuniachia.

Anacheka kama baba yake, kichwa nyuma, meno yote nje. Mzee alivuka mpaka kutoka Makamba, Burundi, kuja harusini kwetu Kasulu, akacheza mpaka soli ya kiatu ikabanduka, akaendelea na soksi! Mama yangu alisema ukweni kama huku hata yeye angerudi kuolewa. Nina bahati. Nina bahati kupita kiasi.

Ijumaa, 15 Desemba 2017

Mzee amefariki.

Ni jana jioni, kwake Makamba. Alikuwa anakula, akaegemea ukuta. Basi.

Lambert alipigiwa simu tulipokuwa tunajaza mafuta. Alirudi garini bila neno — Lambert! — nikajua kuna jambo. Héritière akanivuta mpaka choo cha kituo cha mafuta, akanishika mabega. "Mama, sikia. Usilie hapa. Atakuona."

Vénérand asiambiwe. Kwanza ndiye dereva. Pili, kifo cha baba hakitangazwi na mke wala rafiki. Kinasemwa na mkubwa wa ukoo, nyumbani, mtu akiwa ameketi na ndugu wamemzunguka. Mkubwa wa ukoo hapa ni baba mdogo wake, Mzee Pacifique wa mtaa wa Troyeville. Naye yuko Cape Town, alikwenda kuongeza muda wa karatasi zake, basi lake linafika Jumatatu. Ametoa amri kwa simu: mpaka Jumatatu mtoto asijue. Tusimpitishe mtaani, mtu atampa pole njiani. "Mtembezeni," alisema. Ndivyo hivyo. Tumtembeze.

Nikauliza, hawezi kwenda kuzika? Héritière akanitazama. Karatasi yake ya ukimbizi inamfikisha nchi zote za dunia isipokuwa Burundi. Kwa hiyo wakubwa wanasema, kumwambia leo ni kumpa maumivu asiyoweza kuyafanyia lolote.

Na simu yake? Ndugu wote wako WhatsApp.

"Hiyo kazi yako," Héritière akasema. "Mwambie unataka kupiga picha. Wewe bibi-arusi, nani atakunyima?"

Nilimwomba. Alinipa bila hata kuitazama, akanibusu kichwani. Piga, akasema, mpaka ijae. Nikaikata mtandao, nikampiga picha akiwa kwenye usukani.

Nilidhani nitalia. Nilikaa kiti cha mbele nikaona vilima vya njano vya mchanga wa migodi, kisha majengo, kisha majengo mengi zaidi. Vénérand alikuwa ananionyesha kwa kidole. Akauliza mbona kimya. Nikasema mji ni mkubwa.

Tuko kwenye uwanja wa kampa nje ya mji. Kuna nyasi na bomba la maji. Amelala, mkono wake uko juu yangu. Ni mzito. Nausikia uzito tu.

Jumamosi, 16 Desemba 2017

Leo sikukuu ya taifa huku, mji mtupu. Vénérand anasema Desemba Joburg inabaki na sisi wageni tu.

Tumepanda lile jengo refu la Carlton, orofa ya hamsini. Kampa halikuingia kwenye maegesho, chuma cha juu kiko chini mno, tukaliacha mbali na Lambert akalilinda. Huko juu kuna vioo pande zote. Vénérand alinishika kiuno akawa ananigeuza: hii ndiyo Jeppestown, karakana yetu ile pale yenye bati jekundu. Ile Troyeville, kwa baba mdogo. Kule mbali kunakong'aa ni Sandton, wenye fedha. Akasema Mzee akiiona picha hii ataapa mtoto wake alikuwa ndani ya ndege.

Nikasema simama vizuri. Nikapiga.

Tukashuka kwa lifti.

Halafu kwenye robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani. Taa nyekundu, tumesimama. Salum akatokea katikati ya magari — Mrundi wa Buyenzi, anauza miwani na chaja, wanajuana na Vénérand tangu kambi ya wakimbizi. Akamwona. Akaweka miwani yake yote juu ya boneti ya gari la mtu, akaja dirishani kwangu amenyoosha mikono miwili kama anayetoa pole. Mikono miwili! Héritière akaruka kutoka nyuma, akanipita juu ya mapaja, kifua chake kiko usoni kwangu.

"Salum! Hiyo miwani bei gani? Hapana, ile! Ile ya mama mzee! Geuka nione vizuri, mbona unanitazama hivyo, hujawahi kuona mke wa mtu?"

Salum akafungua mdomo. Héritière akamkazia macho. Akaufunga. Taa ikawa kijani, nyuma wakaanza kupiga honi.

"Eish, Salum ana nini leo?" Vénérand akasema tukiondoka. "Uso kama wa msibani."

"Jua, mukubwa," Lambert akajibu. "Jua la Joburg linakausha watu."

Vénérand akacheka. Tukacheka sote. Baadaye Lambert akaanza kunitania, eti bibi-arusi haiachi simu ya bwana, ndoa changa na tayari ulinzi umeanza! Alisema kwa sauti kubwa ili mume wangu asikie. Yeye mwenyewe hakunitazama.

Jumapili, 17 Desemba 2017

Zoo Lake. Ziwa dogo, bata, watoto, moshi wa nyama choma. Tulikodi mtumbwi wa makasia. Vénérand hajui kupiga kasia, tukawa tunazunguka pale pale, watoto ufukweni wakitucheka kwa Kizulu. Akasimama akawapigia saluti, karibu atumwage majini.

Tuliporudi nchi kavu Héritière alikuwa anafungua sufuria ya wali. Akainama kwangu kama anayenipa sahani. "Saa hii wanamzika."

Nikachukua sahani. Nikala. Wali ulikuwa na chumvi kidogo. Vénérand alikuwa amelala kwenye nyasi, kichwa mapajani kwangu, ananiomba nimlishe. Nikamlisha.

Akaomba simu. Kila Jumapili baada ya ibada humpigia Mzee. Nikasema bando limeisha, leo maduka yote yamefungwa. Si kweli, duka lilikuwa pale pale ng'ambo ya barabara na mlango wazi. Hata hakugeuka kulitazama. "Haya, mke wangu. Kesho basi." Ananiamini kiasi hicho.

Kisha akasema, nipige moja hapa, na bata. Nikamwambia ageuze uso kidogo kwenye jua.

Picha zinaandika tarehe na saa. Siku moja atakaa azitazame. Ataona: hapa baba yangu alikuwa anashushwa, na mke wangu anajua, na ananiambia nigeuze uso kwenye jua. Héritière anasema wanaume wote hufanyiwa hivi, na wote husamehe, ndiyo desturi, hata kwa Lambert ilikuwa hivi alipofiwa na mama yake. Nilimuuliza Lambert. Alikuwa anaosha vyombo, hajawahi kuosha vyombo. Akasema, "Mama, nilisamehe." Akasugua sufuria. "Lakini siku zile nakumbuka kila kitu. Hata nilichokula."

Nampenda mume wangu. Naandika hivyo kwa sababu najua ni kweli, ingawa leo sisikii chochote. Hata akinishika.

Jumatatu, 18 Desemba 2017

Asubuhi Sandton. Vioo, maua yaliyokatwa kwa mstari, mlinzi Mkongo aliyetuambia kwa Kiswahili tusiegeshe pale, kisha akaomba aingie aone kitanda. Sikumbuki zaidi.

Mchana Mzee Pacifique akampigia Lambert. Amefika. Mleteni.

Vénérand tukamwambia baba mdogo anataka kumwona bibi-arusi. Akafurahi. Aliimba njia nzima. Mimi nilikuwa nahesabu robot, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Nilijiambia sasa kazi yangu imekwisha, nimeshamfikisha, yaliyobaki ni ya wakubwa.

Tukakata kona ya mtaa wa baba mdogo. Uani kwake vijana wanashusha viti vya plastiki kutoka kwenye bakkie, pikapu ya huku. Wanawake wako kwenye masufuria makubwa, moshi umejaa. Wanaume wamesimama makundi makundi getini. Wakaliona kampa wakanyamaza wote.

Vénérand akakanyaga breki. Akatazama viti. Akatazama masufuria. Nikasema moyoni, sasa ameelewa.

Akapiga kofi usukani, akacheka kile kicheko.

"Orpha! Wametuandalia sherehe!"

Hakungoja jibu, kila kitu kilikuwa kimejipanga chenyewe kichwani mwake. Baba mdogo hakuweza kuja Kasulu, si alisema atashangilia kwa namna yake? Akamgeukia Lambert: "Ulijua, wewe! Ndiyo maana tangu jana umenyamaza kama kuku aliyenyeshewa mvua! Na Salum! Maskini Salum, karibu aharibu!" Halafu akanitazama mimi. Macho yamejaa machozi ya furaha. "Na wewe. Simu ulinificha ili nisione. Eti picha! Mwongo wangu mzuri." Akanibusu mikono, huu na huu.

Akaegesha mbali kidogo, chini ya mti wa jakaranda, ili tuingie kwa miguu, bibi na bwana. Akasema nivae kile kitenge cha njano tulichoshonewa sare na Lambert. Yeye shati lake ameshalivaa, pale pale mbele, akijitazama kwenye kioo cha pembeni. Lambert akashuka haraka, nadhani kwenda kuwaambia. Héritière alinifuata huku nyuma, akatoa kanga nyeusi kwenye mkoba wake, akaiweka kitandani karibu na kitenge. Naye akashuka.

Kwa hiyo niko chumbani nyuma, mlango nimeurudisha. Nimetoa daftari badala ya kuvaa. Sijui kwa nini.

Nikivaa ya njano, atapita getini akicheka, ameshika mkono wangu, mbele ya watu wote wale walionyamaza. Watamkalisha. Baba mdogo ataongea. Na kila kitu kitakuwa kimekwenda kama wakubwa walivyoagiza.

Nikivaa nyeusi, atakuwa ameambiwa na mke. Kwenye gari. Bila mkubwa, bila ndugu, dakika chache tu kabla. Watasema huyu mwanamke ameingia ukoo wetu na kisirani, hata kungoja hakuweza. Shangazi zake watalisema hilo mpaka nizeeke.

Anapiga mluzi. Anachana nywele, nasikia kitana kinagonga kioo.

Sijalia bado. Tangu Ijumaa. Naona mikono yangu inafanya kazi yenyewe: imekikunja kitenge cha njano, imekiweka kabatini pamoja na sahani. Imefunga kanga nyeusi kiunoni, imekaza fundo. Simu yake nimeirudishia mtandao. Inatetemeka kitandani, haiachi, inatetemeka.

Anagonga.

"Bibi-arusi, toka basi! Watu wanatungoja."

Nimemwambia mlango haujafungwa —