Hema la Kulala Uani kwa Mama

…na ndiyo hivyo, Dada Feza: kwa mila yetu mume halali chini ya paa la mama mkwe, nami siwezi kulala mbali na Kashindi wangu hata usiku mmoja! Kwa hiyo leo tumekwenda soko la hapa Kalemie kutafuta hema la watu wawili, jepesi, maana kutoka stesheni ya Kabalo hadi nyumbani kwa Mama ni kwa miguu.

Dada, nimechanganyikiwa! Muuzaji alikuwa nayo mawili, yametoka Kigoma. La kwanza ni jepesi kama kitenge, lakini ukiwasha taa ndani, vivuli vyenu vyote vinaonekana nje. La pili halionyeshi kitu, ila ni zito kama gunia la mihogo. Tukaingia lile jepesi kulijaribu, palepale kati ya dagaa na ndizi. Miguu ya Kashindi ikatokeza nje! Mama muuza dagaa akacheka: "Eh, bibi arusi, hii njo ya muntu moja na nusu! Umukunje bwana!"

"Tutakunjana, Mama," Kashindi akajibu kutoka ndani. Nikatoa pesa, Dada. Tukachukua hilohilo. Taa hatutawasha.

Ila njiani akaniuliza: hema likiwa uani kwa Mama, si bado ni kwake? Sijui! Tafadhali muulize shangazi. Akikubali, fagia upande wa kisima, mbali na dirisha la Mama. Akikataa, tuombee uwanja kwa jirani. Nakupenda sana, Dada yangu. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja, mimi na yeye na hema letu.

Riziki